Shajara ya tuta letu la korongoni, bwawa ambalo kazi yake ni kukaa tupu

Juni, wiki ya kwanza

Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kimeshuka leo. Dereva wa lobedi, lori la kubebea mashine, aligoma kuingia nacho mpaka korongoni, akasema lile daraja la magogo halimbebi na yeye hataki kesi, basi kikashushiwa palepale kwenye lami ya barabara kuu ya TANZAM kikatembea chenyewe kama kilomita mbili, watoto wa shule nyuma yake utadhani wanasindikiza bibi harusi. Saa moja na nusu nzima. Mbombo ngafu, kazi ngumu, kama wasemavyo ndugu zangu wa Rungwe.

Kwa asiyejua tulipo: ukitoka Uyole unaelekea Igurusi, mkono wa kulia unaona milima ya Uporoto. Korongo letu linaanzia kule juu kwenye viazi, linashuka kwa kasi, likifika kwetu linatanuka na kupoa. Kiangazi unaliruka kwa hatua mbili. Masika ni habari nyingine kabisa, mvua inapiga juu, huku chini jua linawaka na watu wameanika mahindi, baada ya nusu saa hivi unasikia mngurumo kama lori la mawe halafu maji hayo, mekundu, na magogo na viazi vya watu ndani yake. Masika ya elinino, 2023 kuingia 2024, yaliingia mpaka kwenye nyumba za bondeni na mpunga wa huko chini ukafukiwa na mchanga, sio kulowa, kufukiwa. Kutoka kwetu maji haya yanaenda Usangu, yanaingia Ruaha Mkuu, yanapita Mtera na Kidatu na mwisho yanakutana na lile bwawa kubwa la Julius Nyerere kule Rufiji. Kwahiyo hata kibali cha tuta hili dogo kinaombwa bonde la Rufiji, watu wengi walidhani ni Ziwa Rukwa kwa kuwa sisi ni Mbeya, lakini maji hayaangalii mkoa.

Mimi ni katibu wa kamati, na kwa kuwa nilisomea ufundi ujenzi nimebebeshwa pia vipimo vidogovidogo na hii shajara. Injinia wetu ni dada mmoja anakuja mara mbili kwa wiki kutoka mjini. Vijana tunamwita Dada Injinia, wazee wanamwita mwanetu.

Juni, siku ya mkutano

Hii lazima niiandike yote maana naona ndo itakayotusumbua mpaka mwisho.

Dada Injinia kaeleza mchoro. Tuta mita 118 kutoka kingo hii mpaka ile, kimo mita 7 pale katikati, juu upana wa mita 4, upande wa maji linalala kwa 3 kwa 1, nyuma 2 na nusu kwa 1, udongo wa kushindilia kama kyubiki mita 8,000. Bakuli lake likijaa mpaka mdomo wa utoro, ile njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, linabeba kama kyubiki mita 60,000. Hapo watu wanapiga makofi, wengine wanauliza vifaranga vya perege vinapatikana wapi. Halafu akafika kwenye bomba. Chini kabisa ya tuta linapita bomba la zege la milimita 600, halina koki, halina mlango, liko wazi mwaka mzima, na bwawa likijaa lote litaisha chini ya siku moja.

Kimya. Mzee mmoja, huyu ana ng'ombe wengi kuliko wote na anajua kunyamaza mpaka watu wamsubiri, akasema, "Mwanetu, kwahiyo mnatujengea ndoo iliyotoboka."

Watu walicheka sana, na yeye Dada Injinia akacheka, akasema ndiyo baba, ndoo iliyotoboka, lakini umeona tundu lake ni la kiasi gani? Mafuriko hayaui kwa wingi wa maji peke yake, yanaua kwa kuja yote kwa wakati mmoja. Maji ya dakika arobaini ukiyalazimisha yatoke kwa saa ishirini, korongo la chini linayabeba bila kutoka kingoni. Na ukilikuta bwawa limeshajaa siku mvua kubwa inakuja, hilo sio bwawa la mafuriko tena, ni mzigo wa maji uliokaa juu ya vichwa vya watu.

Akatoa mfano wa Dayton, jimbo la Ohio kule Marekani. Machi 1913 mto uliua watu zaidi ya 360 kwenye bonde lile, wenyewe wakajenga matuta matano ya udongo, yakakamilika 1922, yote yana matundu ya wazi chini yasiyofungwa kamwe. Siku za kawaida mto unapita zake tu na ndani ya bwawa watu wanalima. Yapo mpaka leo.

Mzee akauliza, "Na ng'ombe wao wanakunywa wapi?" Hilo halikujibiwa vizuri. Naliandika hapa kwa sababu nadhani lilistahili jibu.

Juni, wiki ya tatu

Tumesafisha msingi. Majani, mizizi, udongo wa juu wote umeondolewa sentimita 30 na kuwekwa pembeni, utarudi juu ya tuta mwishoni kwa ajili ya majani. Vichuguu vya mchwa vitatu, viwili vimechimbuliwa mpaka chini, cha tatu kimetupeleka mita mbili na nusu na bado matundu yanaendelea, kijiko kikaitwa. Mtu akiona kichuguu anaona kilima, mtu wa mabwawa anaona bomba.

Mama wa chai kahamia saiti rasmi. Chapati nzuri, maharage yana chumvi.

Julai, wiki ya kwanza

Handaki la kufunga maji chini. Hili linachimbwa katikati ya tuta kwa urefu wote, unashuka mpaka upate udongo usiopitisha, kisha unalijaza mfinyanzi ulioshindiliwa, lengo maji yasipite chini ya tuta kama mwizi chini ya uzio. Mchoro ulisema mita 2. Kwenye mita 1.6 upande wa kushoto kijiko kikatoa kitu cheupe, vijiwe vyepesi, ukikishika kimoja unahisi umeshika sponji. Nikamwita kijana mmoja alete ndoo ya maji, nikavimwaga humo, vyote vikaelea.

Huku kwetu hilo sio ajabu, milima hii ni ya volkano, Rungwe na Ngozi zimewahi kumwaga vitu vyake mpaka mbali na majivu yake ndo yanayotulisha viazi na ndizi. Ila kwa mjenga bwawa tabaka la vijiwe hivyo ni mfereji uliofukiwa. Ungejenga tuta zuri kama la kwenye kitabu, maji yangepita chini yake kwa raha zao.

Nikampigia Dada Injinia, mtandao ukakatika mara nne, nikapanda kwenye kichuguu kimoja nje ya msingi ndo akanisikia. Akasema simamisheni msijaze chochote. Kesho yake kaja, kaingia handakini na viatu vya mjini, kafuata lile tabaka kwa vidole kama mtu anayesoma. Unene wake sentimita 40 mahali pengine 70. Uamuzi: tunashuka mpaka tulipite lote, tuingie nusu mita kwenye udongo mgumu wa chini yake. Maana yake karibu mita 3 upande wa kushoto, dizeli zaidi, siku sita zaidi, na kuta za handaki zilazwe zisije zikafukia mtu. Mweka hazina kaondoka bila kuaga.

Julai, katikati

Ubishi wa udongo. Kila mtu kijijini anajua udongo unaoshika maji ni ule mweusi wa mbuga, si ndo unaoshika maji ya mpunga, na upo bure mita mia tatu tu kutoka hapa. Dada Injinia anataka mwekundu wa kilimani, kilomita moja na robo, kila tripu ni wese.

Sababu yake mwanzoni sikuielewa, ikabidi anipeleke mbugani nikaone mwenyewe. Kiangazi hiki udongo mweusi umepasuka, nyufa unaingiza mkono mpaka kiwiko. Udongo huo ukilowa unavimba ukikauka unajikunja. Kwenye bwawa linaloshika maji mwaka mzima ungeweza kujitetea kidogo, sasa letu ni kavu miezi tisa, litapasuka, na mvua ya kwanza kubwa itaingia kwenye nyufa hizohizo kabla udongo haujapata muda wa kuvimba. Kwahiyo ule utupu wa bwawa ndo umetuchagulia udongo. Tipa zikageuzwa kwenda kilimani.

Na huo mwekundu nao tukaupima. Unachukua kidonge kidogo unakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi kabisa bila kukoroga, tumetumia maji ya betri, unaangalia. Kikimeguka kikatulia chini na maji yakabaki meupe, sawa. Kikianza kutoa wingu kama maziwa kwenye chai, huo udongo unayeyuka wenyewe ndani ya maji, ukimbie. Glasi kumi na mbili za mama wa chai zimepangwa juu ya benchi, wateja wanasubiri chai mikono mitupu. Kumi safi. Mbili zimetoka shimo moja la upande wa mashariki, zilitoa ukungu, shimo hilo tumelifunga kwa miiba ili dereva mvivu asichote huko.

Agosti

Agosti yote ni matabaka. Sina mengi, kazi ni moja. Tipa linamwaga, greda linasambaza sentimita 20, boza linanyunyiza, rola la miguu ya kondoo, lile lenye vinundu, linapita mara nane, tabaka linabaki kama 15. Halafu tena. Tunahitaji kama hamsini.

Kitu kimoja tu niseme kuhusu maji ya kushindilia, maana mafundi wengi wanalichukulia poa. Udongo mkavu haushikani hata ukiupiga siku nzima, uliolowa sana unakuwa kama ugali wa maji, rola linazama. Kuna kiasi chake cha katikati. Maabara walitupa namba ila saiti tunatumia ngumi: unakamata udongo unaubana, ukifungua mkono ubaki na alama za vidole, ukiudondosha kutoka kiunoni uvunjike vipande vichache tu. Ukisambaratika kama unga, ongeza maji. Ukibaki donge, subiri jua.

Agosti, Ijumaa ya mwisho

Leo nimekasirika.

Boza liliharibika tangu asubuhi, mwenye mashine akasema linakuja saa nne, saa nne ikawa saa saba, mimi nikaenda mjini kufuatilia mambo ya saruji na nyuma huku wakaendelea, matabaka mawili na nusu, makavu. Wanasema siku ya mashine inalipwa ipite isipite, kwahiyo waliona bora waoneshe kazi. Nimerudi jioni nimeona vumbi juu ya tuta nikajua. Nikachimba kashimo ka kipimo cha mchanga, mshindilio umefika asilimia 88 tu ya ule wa maabara. Tunatakiwa 95.

Ukiwaza ni udongo huohuo, mahali palepale, kwa macho huwezi ukatofautisha. Ila tabaka kavu katikati ya tuta ni ukanda laini wa kupitisha maji toka mbele mpaka nyuma, na ukishalifunika hutaliona tena mpaka siku ambayo hutaki kuliona. Nikawaambia kesho yote inachanwa na kunyweshwa na kupigwa upya. Dereva wa rola, ni kaka yangu wa kijiji tumekua wote, akaniambia mdogo wangu unajifanya mzungu. Nikamwambia kaka, nyumba ya mama yako iko bondeni au haiko?

Jumamosi wamechana. Hatujasemeshana wiki nzima.

Septemba

Bomba. Limelala juu ya msingi mgumu, sio juu ya udongo wa kujaza, lisije likakaa vibaya likapasuka viungo. Pembeni yake rola haliwezi kupita kwahiyo ni mikono, vijana sita na vishindilio vya mbao, tabaka za sentimita 10, hapo ndo sehemu dhaifu kuliko zote maana maji yanapenda kutembea sambamba na bomba, yanabeba chembe moja moja mpaka yanafungua njia. Upande wa nyuma, theluthi ya mwisho ya bomba, limezungushiwa mchanga uliooshwa na kokoto ndogo. Kazi ya mchanga huo ni kuruhusu maji yapite na kukataza udongo usipite. Kina mama wameosha mchanga siku tatu, umetoka mweupe mpaka unatamani kuupikia.

Kilinda uchafu cha nondo kimefungwa mdomoni, magogo ya Uporoto yasije yakatuzibia. Sikujua kwamba magogo hayatakuwa shida yetu.

Oktoba

Utoro umechimbwa kwenye ardhi ya asili upande wa kulia, sio juu ya tuta, upana mita 12. Ndo njia ya kutorokea maji yaliyozidi, na usawa wake uko mita 1.2 chini ya mgongo wa tuta. Hesabu ya Dada Injinia: maji yakipita humo kwa kina cha sentimita 70 ni kama kyubiki mita 12 kwa sekunde, na bado nusu mita kavu inabaki. Tuta la udongo likipandwa na maji juu halina maisha, yanakwangua mgongo wa nyuma kama mtu anayemenya kiazi na saa chache tu limekwisha.

Mgongo umeachwa juu kidogo katikati, sentimita 35 zaidi, maana litashuka lenyewe kwa uzito. Watu wanasema tumepinda. Wacha waseme.

Ukoka unapandwa, vipande kwa vipande, mbele mawe ya kupanga nyuma ukoka. Mtu kaja na miche ya mparachichi, nia yake nzuri sana, parachichi siku hizi ni hela. Nikamwambia mama, mizizi ya mti ikifa ndani ya tuta inaacha tundu. Kaipanda chini ya utoro huko mbali, sawa.

Desemba, mvua ya kwanza ya maana

Jumanne usiku imepiga juu. Asubuhi maji yako kwenye alama ya mita 2.1 na yanashuka, bomba linatema upande wa pili kwa nguvu nzuri. Nimekaa pale kwenye jiwe kama saa mbili naangalia tu. Watu wamekuja na simu wanapiga picha.

Desemba, siku nne baadae

Kuna kitu hakiko sawa. Mvua haijarudi na maji yako mita 1.9. Yangekuwa yameisha tangu Jumatano.

Nikavua viatu nikaingia. Mdomo wa bomba umezibwa kwa viroba vya mchanga, tena vimepangwa kifundi, vinne chini vitatu juu, na nyuma yake turubai. Ndani ya maji kuna vifaranga vya samaki wanakimbiakimbia.

Sikuviondoa peke yangu. Nilimfuata Mwenyekiti, tukaenda wote mpaka kwa yule mzee wa ng'ombe maana nyayo za ng'ombe zilikuwa kila mahali, mpaka mgongoni mwa tuta, ukoka umekanyagwa. Shikamoo, marahaba, karibuni, tukapewa maziwa. Akasema bila kuzunguka: viroba vya vijana wa samaki, ng'ombe ni wangu, na mimi nilikuuliza tangu mkutano ule wanakunywa wapi, mkanyamaza.

Alikuwa sahihi, na mimi nilishaandika hivyo Juni.

Desemba, mkutano wa pili

Dada Injinia hakuja kugomba. Alisimulia habari ya bwawa la South Fork, Pennsylvania. Tuta la udongo, kimo kama mita 22, lilikuwa na mabomba ya kutolea maji chini, yakaondolewa na hayakurudishwa. Baadae matajiri wakalinunua liwe ziwa la kuvulia, wakashusha mgongo wake ili magari ya farasi yapite vizuri, wakaweka nyavu za chuma kwenye utoro samaki wao wasitoroke. Mei 31, 1889 mvua kubwa ikaja, nyavu zikashika takataka, maji yakapanda juu ya tuta, na mji wa Johnstown kule chini ukapoteza watu zaidi ya 2,200. Mtu mmoja nyuma akauliza, samaki? Akajibiwa ndiyo, samaki. Mwingine akakumbushia Solai, Nakuru, Mei 2018, majirani zetu hawa, bwawa la udongo lilivunjika usiku. Vijana wa viroba walikuwa wanaangalia chini.

Halafu ndo akachora bakuli ubaoni, na hapa kwangu ndo palikuwa penyewe. Bonde letu lina umbo la V linalotanuka kwenda juu, kwahiyo mita sio sawa na mita. Mita moja na nusu ya chini kabisa inabeba kama kyubiki mita 2,000 tu kati ya 60,000. Mita moja ya juu kabisa inabeba zaidi ya theluthi ya bwawa zima. Maana yake ya chini tunaweza tukawaachia ng'ombe na kazi ya mafuriko isidhurike, lakini mkiziba mpaka mita nne mmeiba kama asilimia 40.

Makubaliano: mdomo wa bomba unajengewa kisima cha zege, ukingo wake mita 1.5 kutoka chini. Chini ya hapo maji yanabaki, juu ya hapo yanaondoka yenyewe. Ng'ombe marufuku kwenye tuta, bomba dogo linapeleka maji kwenye mnywesheo mita 80 chini ya tuta. Samaki wafugwe humohumo kwenye mita moja na nusu, wakitoroka na mafuriko ni bahati yao. Na ardhi ya ndani ya bakuli maji yakishatoka, maharage ya muda mfupi, kwa zamu, anayelima anakubali kabisa kwamba siku moja yatalowa.

Mzee akaniambia tukitoka, "Sasa ndoo yenu ina kitako."

Januari

Kisima cha zege kimemwagwa. Kaka wa rola alikuja kusaidia bila kuitwa.

Tope limeshaanza, sentimita kama 10 kwenye mlango wa bakuli, jekundu laini. Hilo linatoka juu, kule matuta ya viazi yanashuka na mlima badala ya kuukata. Tumeenda kuongea na wenzetu wa juu mara mbili. Wao mafuriko hawayaoni, wao wanaona viazi. Hili litatuchukua miaka.

Februari, usiku wa Alhamisi

Naandika nimelowa. Imeanza saa kumi jioni huko juu, saa kumi na moja na robo mngurumo. Niko na tochi kwenye kipimo pamoja na vijana wawili wa zamu, wote wawili ni wa viroba, tuliwapa kazi hiyo kwa makusudi.

Saa kumi na mbili: mita 2.8.
Saa moja kasoro: 3.9.
Saa moja na nusu: 4.7, hapa moyo unaenda mbio.
Saa mbili na robo: 5.1.
Saa tatu: 5.1.
Saa tatu na nusu: 5.0.

Utoro uko kwenye 5.8, haukuguswa. Chini korongo limejaa lakini halijatoka kingoni, Mwenyekiti kapiga simu kutoka bondeni anauliza mbona hayaji. Nikamwambia yanakuja baba, yanakuja polepole mpaka kesho.

Ijumaa

Sijalala. Asubuhi na mapema nimekagua nyuma ya tuta kwa miguu, mstari kwa mstari. Kwenye mfereji wa mguuni maji yanatoka, na hayo yanatakiwa kutoka, tuta lolote la udongo linavuja kidogo, cha kuangalia ni rangi na kiasi. Nimekinga ndoo ya lita 10 kwa saa ya simu: sekunde 52. Nimemimina kwenye glasi, nikaiinua juani, nyeupe. Nimepima tena saa nne, sekunde 53, nyeupe. Dada Injinia alishatuambia habari ya Teton, Idaho, Juni 5, 1976, tuta la zaidi ya mita 90, asubuhi waliona maji machafu yanavuja na kabla ya saa sita mchana lilikuwa limeshavunjika. Kwahiyo glasi yangu ya chai naiamini kuliko ninavyojiamini mimi.

Upande wa kushoto, pale palipokuwa na vijiwe vya kuelea, pakavu kabisa. Zile siku sita na ile dizeli. Nimempeleka mweka hazina akapaone, akapiga teke udongo mkavu, akasema haya.

Saa nane mchana maji yamefika 1.5 yakasimama. Maharage ya zamu ya kwanza yamelala chini kwa tope, mwenyewe kaja kuyaangalia, kasema yatainuka, mengine.

Jumatatu

Ya kufanya: rangi ya kipimo imechubuka kati ya 4 na 5, magogo yalikwaruza. Ukoka umeng'oka mahali pawili karibu na utoro, kila kipande kama meza. Panya fuko kachimba nyuma, tundu moja, nimelifuata mpaka mwisho, fupi, nimeziba kwa mfinyanzi. Mnywesheo unahitaji koki mpya, ile ya zamani imeshaondoka na mtu. Machi ndo inaingia.